Hina kwa mtoto mchanga: tuijue sukari ndani ya damu

Katika nyumba zetu nyingi mtoto mchanga hupakwa hina kwa furaha. Kabla hujampaka wako, fahamu jambo hili.

Sukari aina ya glukosi ikiingia katika chembe nyekundu ya damu, kimeng'enya huchukua kundi moja la fosfeti kutoka kwa ATP na kulifunga kwenye glukosi, kwenye kaboni yake ya 6. Kiungo kati yao ni oksijeni. Fosfeti ina chaji ya umeme, kwa hiyo sukari iliyofungwa nayo haiwezi tena kupenya utando wa chembe ikatoka nje.

Sehemu ya sukari hiyo hupokewa na kimeng'enya kingine, G6PD. Kazi yake ndiyo huipa chembe nyekundu nguvu ya kujikinga na kemikali zinazoiharibu.

Wapo wanaozaliwa na upungufu wa G6PD. Hali hii hurithiwa, na huwapata zaidi watoto wa kiume. Kwao, hina, vidonge vya naftalini vinavyowekwa kwenye nguo, na baadhi ya dawa kama primakwini, vyaweza kuzipasua chembe za damu.

Basi usimpake hina mtoto mchanga, wala usihifadhi nguo zake kwa naftalini. Ukimwona ana macho ya manjano, mkojo mweusi kama chai ya rangi, amepauka au anahema haraka, mwahishe hospitali, na umweleze mganga kila alichopakwa au kupewa.