Utando Mweupe Ulimini

Swali: Daktari wa meno hutambuaje chanzo cha utando mweupe ulimini?

Jibu: Daktari huushika ulimi kwa shashi, akauvuta na kuukagua pembeni na chini, mahali ambapo saratani hupenda kujificha, kisha akaufuta utando wenyewe: ukibanduka na kuacha wekundu, aghalabu ni fangasi, na kwa mtu mzima daktari huulizia kisukari, VVU au matumizi ya antibiotiki. Usiobanduka, hasa kwa mvuta tumbaku, hutiliwa shaka zaidi ya saratani. Mabaka yanayohamahama na kufanana na ramani, ingawa hutisha, hayana madhara. Pakiwa na kidonda kisichopona kwa wiki 2, hata kisipouma na hata jino lililokuwa likikikwaruza likisha kusawazishwa, mgonjwa wa Mwanza hupewa rufaa, mathalani hospitali ya Bugando, kikatwe kipande kidogo kipimwe maabara.