Mbwa wa Mwindaji na Leseni

Katika vichaka vya Mtawanya na bonde la Ruvuma hukaa wanyama wadogo: paa, funo, sungura na ndezi. Wazee wetu waliwawinda kwa mbwa na nyavu. Wengine walitanda nyavu, wengine walipiga kelele, na mbwa wakawakurupusha wanyama. Nyama iligawanywa, hata mjane akapata fungu lake. Desturi hiyo haikuwa ya aibu.

Mwaka 1896, zamani za utawala wa Wajerumani, Gavana Hermann von Wissmann alitoa amri iliyoanzisha leseni, yaani hati ya ruhusa ya kuwinda. Tawala zikapita, sheria zikabadilika, bali leseni ikabaki.

Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori, Namba 5 ya mwaka 2009, yakataza kuwinda bila leseni wanyama waliotajwa ndani yake. Tena yakataza kuwinda kwa mbwa, kwa sumu, kwa mitego na kwa mashimo, ila kwa ruhusa ya Mkurugenzi wa Wanyamapori iliyoandikwa. Basi mwenye leseni asidhani ya kuwa mbwa wake nao wamepewa ruhusa. Hayo ni mambo mawili.

Maskini aweza kuuliza: "Mbwa wangu si bunduki, wala paa si tembo. Watoto wangu wataka kitoweo. Kwa nini nizuiwe?" Swali hili si la kipumbavu, nalo lastahili jibu. Mwenye silaha humwona mnyama kabla ya kumpiga, naye aweza kumwacha jike mwenye mimba. Mbwa hachagui, humrarua mama pamoja na mtoto. Tena mbwa mwenye kichaa huwaambukiza wanyama wa mwitu. Na kila nyumba ikipeleka mbwa watatu porini, watoto wa kesho watamjua funo kwa jina tu.

Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Leseni ndiyo daftari ya mali ya mwitu.

Wala tusimchukie mbwa. Na akae shambani, awabwekee nguruwe wanaofukua mihogo. Huko kazi yake ni njema.

Maswali
1. Wazee waliwindaje, na nyama waliifanyaje?
2. Kwa nini leseni peke yake haimtoshi mwenye mbwa?
3. Ungemjibuje maskini yule? Toa sababu zako.