Kubadilisha Redio na Spika za Gari: Somo la Umeme na Mawimbi

Magari mengi yanayotembea katika barabara za Tanzania, Kenya na Uganda yaliundwa kwa ajili ya soko la Japani, yakatumika huko miaka kadhaa, kisha yakaletwa huku kwa meli. Usukani wake uko kulia, kwa kuwa Wajapani nao huendesha upande wa kushoto wa barabara. Kwa hiyo gari lenyewe hufaa bila kubadilishwa kitu. Taabu huanza redio inapowashwa. Mwenye gari huzungusha kitufe toka mwanzo hadi mwisho, akapata vituo viwili vitatu tu, au asipate hata kimoja.

Sababu yake si ubovu. Nchini Japani vituo vya FM vilipangiwa masafa ya megahezi 76 hadi 90, na tangu mwaka 2014 nafasi hiyo imeongezwa hadi 95. Afrika Mashariki, kama sehemu nyingi za dunia, hutumia megahezi 87.5 hadi 108. Mafungu hayo mawili hukutana kwa kipande kidogo tu. Redio iliyoundwa kwa fungu la kwanza haiwezi kukipata kituo kilichoko 105, hata kama mnara wake uko umbali wa kutupa jiwe.

Dawa ya bei nafuu iuzwayo madukani ni kigeuza masafa, kijisanduku kinachowekwa kati ya antena na redio. Ndani yake mna mtambo mdogo unaotetema kwa masafa yasiyobadilika, tuseme megahezi 20. Mawimbi ya kituo yakichanganywa na mtetemo huo, hutokea wimbi jipya ambalo masafa yake ni tofauti ya hayo mawili: kituo cha 100 huonekana kwenye redio kuwa 80. Hesabu ni nyepesi, lakini wanafunzi waulizwe swali moja zaidi. Redio ya zamani ya Kijapani ina upana wa megahezi 14 tu, toka 76 hadi 90. Kigeuzi cha 20 kitaleta vituo vya 96 hadi 110, na vile vya 90 hadi 96 vitabaki nje. Kigeuzi cha 14 kitaleta 90 hadi 104, na vya juu ya hapo vitapotea. Upana wa fungu la Afrika Mashariki ni megahezi 20.5, hauwezi kuingia wote katika upana wa 14, kigeuzi kiwe cha namna gani. Kwa sababu hiyo watu wengi huamua kuitoa redio ya kiwandani na kuweka nyingine, na kazi hiyo yaweza kufanywa na mtu yeyote mwenye bisibisi, mita ya kupimia umeme, na uvumilivu.

Kabla ya kununua, nafasi ipimwe. Redio za kawaida zina uso wa upana wa milimita 180 na kimo cha milimita 50. Zile kubwa zina kimo cha 100. Magari mengi ya Toyota yana tundu la upana wa milimita 200, hivyo redio ya 180 huhitaji vipande vya plastiki pembeni. Redio nyingine za kiwandani hudai namba ya siri baada ya kukosa umeme. Ikiwa gari lina redio ya namna hiyo na mwenyewe huenda akairudisha siku moja, namba hiyo itafutwe mapema.

Kazi huanzia kwenye betri. Waya wa ncha hasi ndio hutolewa kwanza, na ndio hurudishwa mwisho. Ncha hasi imeungwa na bodi ya gari, yaani chuma chote cha gari ni sehemu ya sakiti. Fundi akianza kulegeza ncha chanya, na spana yake ikagusa bodi kwa bahati mbaya, umeme utapita katika spana moja kwa moja. Betri ya gari ina ukinzani mdogo sana wa ndani, hivyo huweza kutoa ampea mia kadhaa kwa mara moja, na spana hugeuka nyekundu kwa moto. Ncha hasi ikiwa imekwisha kutolewa, spana ikigusa bodi hakuna kitakachotokea, kwa kuwa njia ya kurudia umeme imekatika. Katika magari yenye mifuko ya hewa ya usalama, waya zake huwa na vifuniko vya rangi ya manjano. Hizo zisiguswe kabisa.

Nyuma ya redio mpya hutoka waya nyingi, nazo hufuata desturi ya rangi inayotumiwa na watengenezaji wengi. Manjano ni umeme wa kudumu, unaolinda saa na kumbukumbu ya vituo. Nyekundu ni umeme unaokuja ufunguo unapozungushwa. Nyeusi ni bodi. Nyeupe na kijivu ni spika za mbele, kushoto na kulia. Kijani na zambarau ni za nyuma. Na waya wa rangi hiyo hiyo wenye mstari mweusi ni upande hasi wa spika hiyo. Lakini desturi hii ni ya redio, si ya gari. Rangi za waya za gari hutofautiana toka kampuni hadi kampuni, na kuzibahatisha ni hatari. Betri hurudishwa kwa muda, kisha mita huwekwa kwenye volti: waya unaoonyesha volti 12 daima ndio wa manjano, na ule unaoonyesha volti 12 ufunguo ukiwashwa tu ndio wa nyekundu. Wako wanaoziunga zote mbili penye umeme wa kudumu ili redio ilie bila ufunguo. Ikiwa redio hiyo itavuta ampea 0.1 tu usiku na mchana, betri ya ampea-saa 45 itakwisha kwa saa 450, yaani siku zisizozidi 19, na gari litakuwa limeshindwa kuwaka siku nyingi kabla ya hapo.

Maungio yalehemiwe au yabanwe kwa viungio maalumu, kisha yafunikwe. Waya zilizosokotwa kwa vidole na kufungwa utepe hulegea kwa mtikisiko wa barabara. Kiungo kilicholegea huwa na ukinzani, na penye ukinzani mkondo huzaa joto. Fyuzi iliyoungua isibadilishwe kwa kipande cha waya wala karatasi ya sigara. Fyuzi ni waya dhaifu uliowekwa makusudi uyeyuke kwanza. Ukiwekwa mahali pake waya mnene, basi kitakachoyeyuka kwanza ni waya za ndani ya dashibodi pamoja na plastiki inayozizunguka. Magari huungua kwa njia hiyo.

Sasa wati. Kwenye uso wa redio nyingi huandikwa 50W × 4, na wanunuzi hulipa fedha kwa ajili ya namba hiyo. Darasa la kidato cha tatu laweza kuichunguza. Injini ikizunguka, umeme wa gari hufika kama volti 14.4. Amplifaya za redio za leo huisukuma spika kutoka pande zote mbili kwa zamu, hivyo kilele cha volti kwenye spika hakiwezi kupita 14.4. Kwa wimbi laini, thamani yake ya kazi ni 14.4 ikigawanywa kwa 1.414, yaani volti 10.2. Nguvu ni volti mara volti, gawanya kwa ukinzani. Spika ya omu 4 itapata wati 26, na kwa kuwa amplifaya yenyewe hula kiasi fulani, hubaki kama 20. Hiyo 50 imetoka wapi? Imepatikana kwa kudhani kwamba volti 14.4 zote zinakaa kwenye spika bila kupanda wala kushuka: 14.4 mara 14.4, gawanya kwa 4, ni 51.8. Muziki uliokatwa vilele kiasi hicho hausikiliziki. Tena, nyuma ya redio nyingi za namna hiyo mna fyuzi ya ampea 10. Ampea 10 kwa volti 14.4 ni wati 144, nazo haziwezi kuzaa wati 200 mfululizo.

Kwa hiyo afadhali mnunuzi asome kipimo cha spika kinachoitwa wepesi, kinachoandikwa kwa desibeli kwa wati 1 na umbali wa mita 1. Spika ya desibeli 92 hutoa kwa wati 10 sauti ile ile ambayo spika ya desibeli 89 huitoa kwa wati 20.

Katika kuunga spika pana makosa mawili yanayoua redio. La kwanza ni kuunga upande hasi wa spika na bodi. Kwa vile amplifaya husukuma pande zote mbili, waya huo si wa bodi hata kama una mstari mweusi. La pili ni kuunga spika mbili za omu 4 sambamba kwenye njia moja: ukinzani huwa omu 2, mkondo huwa maradufu, na redio hupata joto isilolimudu.

Kosa la tatu haliui kitu, ila huharibu muziki. Spika moja ikiungwa kinyume, koni yake hurudi ndani wakati mwenzake inasukuma nje. Sauti ya mtetemo 100 kwa sekunde ina wimbi la urefu wa mita 3.4, na spika mbili za gari ziko karibu kuliko hapo. Hivyo moja hujaza hewa na nyingine huitoa, na besi hutoweka. Jaribio lake halihitaji gari. Betri ya tochi ya volti 1.5 iguswe kwa nukta moja kwenye ncha za spika: chanya ikiwa kwenye chanya, koni husogea mbele, zikibadilishwa, hurudi nyuma.

Spika hiyo hiyo ikichezeshwa mkononi hutoa sauti nyembamba, kwa sababu hewa inayosukumwa mbele huzunguka ukingo na kujaza pengo la nyuma. Ikiegemezwa kwenye tundu la kadibodi kubwa, besi hutokea papo hapo. Mlango wa gari ndio kadibodi hiyo, na nyufa kati ya spika na bati zizibwe kwa sponji. Ile karatasi ya plastiki iliyobandikwa nyuma ya pambo la mlango irudishwe mahali pake bila kupasuliwa, kwa maana maji ya mvua hushuka ndani ya mlango kupitia ukingo wa kioo, na koni nyingi ni za karatasi.