Haki za Jamaa ya Mtu Aliyeumia Kazini

Mtu akiumia vibaya kazini, jamaa zake huhangaikia kwanza uhai wake, na ndivyo ipasavyo. Lakini baada ya siku chache huja msiba wa pili: mshahara hukoma, akiba ya nyumbani huisha, na haki waliyopewa na sheria hupotea kwa sababu hakuna aliyeitafuta. Somo hili lataka kuwaeleza wasomaji wa Tanzania Bara namna ya kuilinda haki hiyo.

Watu wengi hudhani ya kuwa fidia ni hisani ya mwajiri: akiwa mwema hutoa, akiwa mchoyo hunyima. Sivyo hata kidogo. Fidia ni haki iliyowekwa na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, Na. 20 ya mwaka 2008. Zamani mwajiri mwenyewe ndiye aliyelipa, na malipo yalikuwa haba. Sheria hii iliunda Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015. Waajiri ndio watoao michango, wala haikatwi katika mshahara wa mfanyakazi.

Mfuko hulipa gharama za matibabu. Asiyeweza kufanya kazi kwa muda hulipwa asilimia 70 ya mshahara wake, kwa miezi isiyozidi 24. Ulemavu ukiwa wa kudumu, hupimwa na madaktari. Usiozidi asilimia 30 hulipwa mkupuo mmoja. Uliozidi hapo hulipwa pensheni kila mwezi. Mathalan, aliyekuwa akipata Sh. 500,000 kwa mwezi, naye akapoteza kabisa uwezo wa kufanya kazi, pensheni yake ni Sh. 350,000. Asiyejiweza bila kusaidiwa na mtu huweza kupata posho ya msaidizi. Akifariki, wategemezi wake hulipwa, na msaada wa mazishi hutolewa.

Basi, mambo yapasayo kufanywa ni haya:

Kwanza, mwajiri apashwe habari upesi. Mgonjwa asipoweza, ndugu yake aandike barua yenye tarehe na kuweka nakala. Mwajiri naye sharti apeleke taarifa kwa Mfuko katika siku 7. Akinyamaza, jamaa wasikae kumngoja, bali waende wenyewe katika ofisi ya Mfuko. Ajali isipofikishwa huko katika miezi 12, haki hupotea. Chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako.

Pili, karatasi zote zitunzwe mahali pamoja: mkataba wa kazi, hati za mshahara, vyeti vya daktari, na majina ya watu walioiona ajali. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Tatu, mke na watoto wawe na vyeti. Ndoa nyingi za vijijini hazikuandikishwa, na watoto wengi hawana vyeti vya kuzaliwa. Mume akifariki, mjane hujikuta akibishana na shemeji zake juu ya nani hasa mtegemezi. Heri kuandikisha wakati mwenye nyumba yu hai na mzima.

Nne, mtu asitie sahihi wala dole gumba katika karatasi asiyoielewa. Huenda majeruhi akapewa bahasha ya fedha na nauli ya kurudi kwao, akaambiwa akiri kwa maandishi ya kuwa hana dai tena. Fedha hizo zaweza kuisha kabla ya kidonda kupona, lakini mguu uliokatwa hauoti tena. Kwanza asomewe karatasi na mtu amwaminiye, asiyekuwa upande wa mwajiri.

Mfuko ukitoa uamuzi usioridhisha, mtu aweza kuomba uangaliwe upya, na kisha kukata rufani. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili awatafute watoao msaada wa kisheria, ambao kazi yao imewekwa na sheria ya mwaka 2017.

Viongozi wa vijiji na walimu, kazi hii ni yenu pia. Mkisikia ya kuwa mtu amerudishwa nyumbani kutoka kazini akiwa amelemazwa, ulizeni jambo moja: aliumia tarehe gani? Kisha hesabuni miezi iliyosalia, mkamsaidie kuandika barua siku hiyo hiyo.