Kuku wako na haki ya jirani yako



Ndugu msomaji, katika kurasa hizi tumezoea kuzungumza mambo makubwa: elimu ya vijana wetu, ndoa, mirathi, siasa za nchi. Leo naomba radhi, nataka tuzungumze habari za kuku. Usicheke. Kwa kuku wanne tu niliwahi kumdhulumu jirani yangu, na mpaka leo sina hakika kama deni hilo nimelimaliza.

Ilikuwa kama wiki moja kabla ya Idi, miaka kadhaa iliyopita. Nilikuwa natoka Dar es Salaam narudi nyumbani Lindi. Basi liliposimama Nangurukuru, pale barabara inapochepuka kwenda Kilwa Masoko, wachuuzi walituzunguka kama kawaida. Mmoja alikuwa na tenga la kuku. Nikauliza bei, akanitajia, na kabla sijaanza kupatana akaipunguza mwenyewe. Nikafurahi. Kuku mmoja alikuwa amefumba macho na mbawa zimelegea. Nikasema moyoni, ni jua na uchovu wa safari. Nikalipa.

Nyumbani niliwafungulia uani wakachanganyika na wangu. Ua wetu ni wa makuti yaliyokwisha kuchakaa, na kuku wangu wakishashiba kwangu huenda kushinda kwa jirani. Jirani huyo ni mama mtu mzima, mjane. Wakati huo alikuwa na kuku 14. Kwako wewe kuku 14 ni kitoweo. Kwake ilikuwa ndiyo sukari, ndiyo unga, ndiyo madaftari ya mjukuu.

Yule aliyefumba macho alikufa siku ya pili. Zilipopita siku tano wakaanza wangu: kuharisha kijani, kuhema kwa kukoroma, shingo kupinda. Idi ikatukuta tunazika kuku. Kwa mama jirani alibaki mtetea mmoja.

Nilikwenda kumpa pole. Nikamwamkia, akaniitikia, kisha akaniambia, "Ni upepo tu, mwanangu. Mdondo huja na upepo." Hakunilaumu hata kwa neno moja, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Mimi nilijua kuwa haukuwa upepo. Upepo ule niliulipia nauli mwenyewe kutoka Nangurukuru.

Mdondo, ambao wengine huuita kideri, ni ugonjwa wa virusi. Wataalamu waliutambua mwaka 1926, katika kisiwa cha Java na katika mji wa Newcastle kule Uingereza. Hauna dawa ya kuutibu. Pilipili, mshubiri na vidonge tulivyobakiza wenyewe tulipougua havimponyi kuku mwenye mdondo. Unasafiri kwa mate na kinyesi cha kuku mgonjwa, kwa tenga, kwa chombo cha maji, kwa manyoya na matumbo tunayotupa jaani, hata kwa nyayo za viatu vyetu. Ndiyo maana unaonekana kama upepo: huenda kila tunakokwenda sisi.

Sasa nikuulize, ndugu yangu: katika jambo hili dini yetu imenyamaza? Hapana. Katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (SAW) amemkataza mwenye ngamia wagonjwa asiwapeleke kwenye ngamia wazima wa mwenzake. Badili neno ngamia uweke kuku, utaniona mimi na tenga langu. Na katika hadithi aliyoipokea Muslim, Mtume (SAW) alitia mkono katika lundo la chakula sokoni, akakuta chini kumelowa, akaukemea udanganyifu ule kwa maneno mazito. Yule muuza kuku alinificha unyevu wa lundo lake. Lakini na mimi nililitia mkono lundo lile, unyevu nikauhisi, kisha nikajifanya sikuuhisi kwa sababu bei ilikuwa nzuri.

Na mtihani haukuishia hapo. Wangu walipoanza kuugua, kuna rafiki aliyenishauri kwa nia njema: wawahishe sokoni kabla hawajafa. Namshukuru Allah (SW) kuwa sikumsikiliza. Kuku akifa kabla ya kuchinjwa ni nyamafu, hilo kila mtoto wa madrasa analijua. Lakini kumuuza mgonjwa bila kumweleza mnunuzi nako ni ghushi, na zaidi ya ghushi ni kuupeleka msiba katika ua wa mtu mwingine ambaye hujawahi hata kumuona.

Kufuga kuku mjini si jambo geni kwa watu wa pwani. Ibn Battuta alipopita Mogadishu mwaka 1331, akiwa njiani kuja Kilwa, aliandika kuwa alikirimiwa wali wa samli na vitoweo, kuku wakiwemo. Tofauti ni kuwa leo nyumba zimebanana, na kuku wa nyumba moja ni kuku wa mtaa mzima. Kwa hiyo anayetaka kufuga Lindi, Kilwa Masoko, Temeke au Tanga, ayatazame mambo haya.

Kwanza, ajue sheria. Sheria za Serikali za Mitaa za mwaka 1982 zimezipa halmashauri mamlaka ya kutunga sheria ndogo, kwa hiyo linaloruhusiwa manispaa moja huenda likakatazwa katika nyingine. Usifuate maneno ya barazani. Nenda ofisi ya serikali ya mtaa, muone afisa mifugo wa kata na bwana afya, uliza: naruhusiwa kuku wangapi, banda likae umbali gani na nyumba ya jirani, kibali kinahitajika? Kama umepanga, muombe mwenye nyumba, na wapangaji wenzako uwaulize pia, maana uwanja ni wenu nyote. Tena Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 inakutaka utoe taarifa unaposhuku ugonjwa wa hatari katika mifugo yako. Kunyamaza na kuuza ni kosa mbele ya serikali kabla hatujafika mbele ya Mola.

Pili, wawe na banda, na wakae humo. Kwa kuku wa kienyeji, kadiria mita moja ya mraba kwa kuku wanne au watano, wakibanana wataugua na kudonoana. Kwa joto letu la pwani, upande mrefu uelekee kaskazini na kusini ili jua lisiingie moja kwa moja, na uwe wavu unaopitisha hewa. Chini mwaga maranda makavu, yakilowa yaondoe. Wavu huo utakukinga pia na kicheche usiku na kunguru mchana, maana kunguru wa miji yetu hawana huruma na vifaranga.

Tatu, twahara. Wengi wetu pwani hii ni watu wa madhehebu ya Imam Shafii, ambayo kwayo kinyesi cha kuku ni najisi. Kuku wako akipanda kwenye mkeka wa kusalia wa jirani, au akinywa na kuchafua ndoo yake ya udhu, umemtia katika taabu ya ibada yake. Nani atabeba hilo? Na upande wa afya, kinyesi hicho hubeba vijidudu vya kuharisha. Kuku wasiingie jikoni, watoto wasile huku wanawashika, na kila atokaye bandani anawe mikono kwa sabuni.

Nne, jogoo. Tumefundishwa tumuombe Allah fadhila Zake tunaposikia akiwika, na tusimtukane, kwani huamsha watu kwa Swala. Lakini jogoo mmoja anatosha mitetea kumi, na kwa mayai ya kula tu hahitajiki kabisa. Usifuge watano chini ya dirisha la mgonjwa kisha ukajitetea kwa hadithi.

Tano, dawa. Kuku aliyepewa dawa, mayai yake na nyama yake zina siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye karatasi ya dawa hiyo. Zitimize. Kuuza trei za mayai katikati ya dozi ni kumlisha mteja dawa asiyoijua.

Sita, na hili ndilo lililonifunza gharama yake, ni kuku mgeni. Wazee walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Sisi tumeifanya methali ya kumtania mtu, lakini ndani yake kuna elimu ya ufugaji. Kuku uliyemnunua mfunge peke yake, mbali na wako, kwa wiki mbili hadi tatu, na umhudumie mwisho baada ya kuwahudumia wako. Akiwa mgonjwa, utaona. Akifa, mchome au mzike shimo refu. Asitupwe jaani wala baharini.

Saba, chanjo. Hapa nchini chanjo ya mdondo aina ya I-2 inatengenezwa na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania. Ni tone moja jichoni, hurudiwa kila baada ya miezi mitatu, nayo huvumilia joto kuliko chanjo za zamani, ingawa bado inataka ubaridi. Hutolewa kwa kuku wazima tu. Aliyekwisha kuugua haimfai kitu.

Tatizo ni kuwa chupa moja ina dozi nyingi kuliko kuku wa nyumba moja, na ikishafunguliwa haiwekwi akiba. Mtu mwenye kuku sita anaona hasara, anaacha. Dawa ya tatizo hili ni ujirani. Mtaani kwetu siku hizi tunachanga, afisa mifugo anapangiwa siku moja, tangazo linatolewa baada ya Swala ya Ijumaa, na majirani zetu Wakristo wanaambiwa pia, kwani mdondo hauulizi dini ya mwenye kuku. Asiye na mchango, kuku wake wanachanjwa hivyo hivyo, kwa sababu kuku wake asiyechanjwa ni hatari kwa wangu.

Ama deni langu, nilimwendea imamu wetu nikamweleza yote. Akaniuliza swali moja tu: "Ulipomuona amefumba macho, moyo wako ulikwambia nini?" Sikuwa na jibu. Nikanunua mitetea sita, nikaifunga kando wiki tatu, ikachanjwa, ndipo nikampelekea mama jirani na kumweleza ukweli kuhusu ule upepo. Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Nimekusamehe, mwanangu. Lakini ungenambia siku ile ile, ningewafungia wangu ndani."

Maneno hayo sijayasahau. Tenga lile lilikuwa kosa la kwanza. La pili, kubwa zaidi, ni zile siku tano nilizonyamaza kwa aibu.

Allah atusamehe, na atujaalie tuwe majirani ambao wenzao wamesalimika nao. Amin.