Baiskeli ya Kukodisha: Tule Nini, Tuache Nini?

SOMO LA KIKUNDI. Muda: saa moja na nusu.

Kusudi: Mwisho wa somo kila mwanakikundi aweze kueleza pesa ya kukodisha inagawanywaje kabla ya kuitwa faida, baiskeli inakaguliwaje kabla ya kutoka, na mgeni anaambiwa nini kabla ya kuondoka.

Vifaa: Baiskeli moja, spana, pampu, bakuli sita na punje 48 za maharagwe.



Baiskeli si kitu kigeni kwetu. Kule Busia, mpakani na Uganda, ndiko kazi ya bodaboda ilikoanzia, kwa vijana waliobeba watu na mizigo kwa baiskeli kutoka upande mmja wa mpaka hadi wa pili. Siku hizi kazi hiyo imechukuliwa na pikipiki karibu kila mahali. Lakini baiskeli imepata kazi nyingine: kuna watu wanaotaka kuipanda kwa raha, waone mashamba, milima na wanyama bila kelele ya injini.

Mfano unaojulikana ni Mbuga ya Taifa ya Hell's Gate, karibu na Naivasha. Mbuga hiyo ilianzishwa mwaka 1984, na ukubwa wake ni kama kilomita 68 za mraba. Ni moja ya mbuga chache nchini ambamo mgeni anaruhusiwa kutembea kwa miguu au kupanda baiskeli bila gari. Anapita kwenye miamba mirefu, anaona pundamilia, twiga na swala. Baiskeli zinakodishwa pale langoni na kwenye njia panda ya barabara kuu. Na wageni si wazungu peke yao. Wako wanafunzi, vijana wa parokia, na familia zilizotoka Nairobi asubuhi kurudi jioni.

Basi vikundi vingi vinajiuliza: na sisi tukinunua baiskeli chache, hatuwezi? Mnaweza. Lakini kwanza tukae chini tuhesabu, kama yule mtu wa Injili ya Luka aliyetaka kujenga mnara.

1. PUNJE 48

Tuchukue mfano. Bei hizi ni za kujifunzia tu, ninyi mtaweka za kwenu. Kikundi cha watu 20 kimenunua baiskeli sita za mtumba, kila moja Sh. 14,400. Jumla ni Sh. 86,400. Wamekubaliana kwamba kwa kazi hii na barabara zetu, baiskeli moja itadumu miaka mitatu. Wanakodisha kwa Sh. 400 kwa siku. Mwezi mzuri kila baiskeli inatoka mara nane, Jumamosi na Jumapili. Mara nane kwa baiskeli sita ni mara 48.

Mweka hazina aweke punje 48 mezani. Kila punje ni baiskeli moja iliyotoka siku moja, yaani Sh. 400. Zote ni Sh. 19,200.

Hapo ndipo shida inapoanzia. Mtu anagawanya 19,200 kwa watu 20, anaona Sh. 960 kwa kila mmoja, na moyo unafurahi. Ngojeni kwanza. Chukueni bakuli, mgawe hivi:

Bakuli la kwanza, baiskeli mpya: punje 6 (Sh. 2,400). Ukigawanya Sh. 86,400 kwa miezi 36 unapata Sh. 2,400. Hiyo ndiyo sehemu ya baiskeli inayoisha kila mwezi, hata kama hatuioni.

Bakuli la pili, matengenezo: punje 6 (Sh. 2,400). Yaani Sh. 50 kila baiskeli inapotoka, kwa ajili ya tyubu, tairi, raba za breki, mafuta na fundi.

Bakuli la tatu, mhudumu: punje 10 (Sh. 4,000). Siku nane kwa Sh. 500.

Bakuli la nne, mahali pa kuweka baiskeli: punje 4 (Sh. 1,600).

Bakuli la tano, daftari na simu: punje 1 (Sh. 400).

Zimetoka punje 27. Zimebaki 21, yaani Sh. 8,400. Kila mtu Sh. 420, si 960.

Wale wanaogawana 960 hawajaiba. Pesa ni yao. Lakini baada ya miaka mitatu watakuwa na vyuma sita vilivyokauka nyuma ya duka, na hakuna hata senti ya kununua vingine. Watu watasema biashara ilikuwa mbaya, au watamnyooshea kidole mweka hazina. Ukweli ni kwamba walikuwa wakila baiskeli yenyewe kidogo kidogo, wakiita faida. Na atakayeumia zaidi si yule mwenye duka au mshahara. Ni yule mama aliyeuza kuku wawili ili atoe mchango wake, akidhani ameweka mahali salama.

2. MWEZI WA MVUA

Sasa ondoeni punje 30 mezani, zibaki 18. Huu ni mwezi wa Mei, mvua imeharibu njia, na kila baiskeli imetoka mara tatu tu. Mapato ni Sh. 7,200. Matengenezo yamepungua hadi Sh. 900. Lakini pesa ya baiskeli mpya, mhudumu, mahali pa kuweka na daftari haikupungua: bado ni Sh. 8,400. Jumla ya gharama ni Sh. 9,300. Tumekosa Sh. 2,100.

Kwa hiyo kuna bakuli la sita, la mvua. Katika zile punje 21 za mwezi mzuri, wekeni punje 6 (Sh. 2,400) kwa ajili ya mwezi mbaya. Zilizobaki 15 ni Sh. 6,000. Kila mtu anakwenda nyumbani na Sh. 300 ambazo ni faida kweli.

Jifunzeni pia namba moja ya kukumbuka. Katika mfano huu, baiskeli zikitoka mara 24 kwa mwezi, mapato ni Sh. 9,600 na gharama ni Sh. 9,600. Hamkupata, hamkukosa. Kabla hamjanunua hata baiskeli moja, tafuteni namba yenu, halafu muulizane kwa uaminifu: je, watu 24 kwa mwezi watafika hapa kwetu? Kama njia yenu haina mgeni hata mmoja leo, anzeni na baiskeli mbili, si sita.

3. UKAGUZI KABLA YA KUTOKA

Leteni baiskeli katikati. Kila mtu ajaribu kwa mkono wake, akina mama pia. Kazi hii haihitaji nguvu, inahitaji jicho na uaminifu.

(a) Breki. Shika breki ya nyuma, sukuma baiskeli mbele. Gurudumu la nyuma liburutwe bila kuzunguka. Shika ya mbele, sukuma tena: gurudumu la nyuma liinuke kidogo. Halafu mwonyeshe mgeni mkono upi ni breki ya mbele, kwa sababu baiskeli za mtumba hazifanani.

(b) Magurudumu. Inua, zungusha. Yasiyumbe. Nati zimekazwa. Hakuna spoku iliyokatika. Bonyeza tairi kwa kidole gumba, liwe gumu.

(c) Usukani. Bana gurudumu la mbele kwa magoti, jaribu kupindua usukani. Ukizunguka peke yake, baiskeli haitoki.

(d) Cheni. Isilegee, na iwe na mafuta kidogo. Mafuta mengi yanashika vumbi, na vumbi linakula cheni.

(e) Kiti. Mgeni akikaa, aweke kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa. Mguu ukinyooka, kiti kiko sawa.

(f) Mfuko wa safari. Pampu, tyubu moja, viraka, gundi na spana. Mkiziba pancha ya mwiba, pitisheni vidole taratibu ndani ya tairi kabla ya kurudisha tyubu. Mwiba uliobaki utatoboa tena kabla ya kilomita moja.

Baiskeli ikishindwa katika (a), (b) au (c), inabaki, hata kama mgeni ameshika pesa mkononi na hakuna nyingine. Andikeni hivyo katika kanuni za kikundi, ili mhudumu asilaumiwe kwa kukataa Sh. 400. Mteremko mmoja bila breki unaweza kumaliza mtu, na kikundi pamoja naye. Helmeti pia ziwe za kutosha.

4. MTU WA MWISHO

Mwenye kukodisha baiskeli mara nyingi ndiye mtu wa mwisho ambaye mgeni anazungumza naye kabla ya kuingia njiani. Kwa hiyo lazima aijue njia na hali ya hewa.

Kule Hell's Gate mafuriko ya ghafla yaliua watu ndani ya korongo mwaka 2012, na tena tarehe 21 Aprili 2019, iliyokuwa Jumapili ya Pasaka. Mara zote mbili ulikuwa mwezi wa Aprili, wakati wa mvua za masika. Maji ya korongo yanaweza kuletwa na mvua iliyonyesha mbali, na mtu aliye chini asijue mpaka yamfikie. Hata kwetu kuna mito mikavu na vivuko vya namna hiyo. Mgeni havijui. Wewe unavijua.

Kabla ya kutangaza njia, watu wawili wa kikundi waipande wenyewe, polepole, wakiandika saa. Waandike maji yako wapi, kivuli kiko wapi, na mahali pa kugeuza kwa aliyechoka. Mkipita shambani kwa mtu, muombeni ruhusa kwanza na mkubaliane naye. Akiuza ndizi au chai kwa wageni, njia itakuwa yake pia na ataitunza. Msipite juu ya makinga maji. Tairi likichimba mfereji, mvua inachukua udongo wa jirani.

Mgeni aambiwe mambo matano: akae upande wa kushoto wa barabara, ashuke na kusukuma kwenye mteremko mkali, asimkaribie nyati wala mnyama mwingine, mvua ikianza asiingie korongoni wala kwenye kivuko, arudi kabla ya saa kumi na moja jioni. Apewe namba ya simu ya mhudumu, na mhudumu abaki na yake.

5. DAFTARI NA SIMU

Andikeni tarehe, namba ya baiskeli, jina la mgeni, namba ya kitambulisho na ya simu, saa ya kutoka, saa ya kurudi, pesa, na sahihi. Mkishaandika namba, mrudishieni mgeni kitambulisho chake.

Malipo ya M-Pesa yaingie kwenye namba ya kikundi, si kwenye simu ya mtu mmoja, hata awe mtakatifu namna gani. Namba ya kikundi inamlinda yeye na inatulinda sisi. Jumapili jioni watu wawili walinganishe daftari na simu. Kikundi kiwe kimesajiliwa. Usajili unasimamiwa na Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022, na afisa wa maendeleo ya jamii atawaelekeza.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika mradi wetu wowote, wa kuku, wa kinu au wa mahema, je, tuna bakuli la kwanza? Kama hatuna, tunakula nini?
2. Mhudumu akikataa kutoa baiskeli mbovu na mwenyekiti akimwambia aitoe, nani asikilizwe? Kwa nini?
3. Namba yetu ya kutopata wala kukosa ni ngapi?
4. Nani katika kikundi atafunzwa ufundi wa baiskeli? Je, kuna msichana kati yao?

KAZI YA NYUMBANI

Kabla ya mkutano ujao, watu wawili watembelee fundi wa baiskeli wa sokoni. Waulize bei ya tyubu, tairi, cheni na raba za breki, na kila kimoja kinadumu muda gani kwenye barabara zetu. Waje na majibu yameandikwa. Kisha tutamwaga punje mezani tena, na safari hii tutatumia bei zetu wenyewe.