Kompyuta Mpakato Inayozimika Ghafla: Kuutafuta Ubovu Kabla ya Kulipa

Madhumuni ya somo

Baada ya kusoma somo hili, mlaji ataweza:

(a) kutunza kumbukumbu za kompyuta inayozimika yenyewe;
(b) kutofautisha dalili za umeme, joto, kumbukumbu ya RAM na diski;
(c) kufanya majaribio mepesi yasiyohitaji kufungua kompyuta;
(d) kumwendea fundi au muuzaji akiwa na ushahidi.

Utangulizi

Kompyuta isiyowaka kabisa humdhihirishia kila mtu kuwa ni mbovu. Ubovu mgumu zaidi ni ule unaokuja na kuondoka. Kompyuta huzimika mara mbili kwa juma, lakini ikifikishwa kwa fundi hufanya kazi siku nzima bila dosari. Hapo fundi hukisia, mlaji hulipa, na kifaa kilichoondolewa huenda kilikuwa kizima. Kwa mkazi wa Babati aliyenunua kompyuta yake Arusha au Dodoma, kila safari ya bure ya kuirudisha huongeza nauli juu ya gharama hiyo.

Tuchukue mfano wa karani wa kikundi cha kuweka na kukopa katika mtaa mmoja wa mji wa Babati. Kompyuta ya kikundi, iliyonunuliwa ikiwa imeshatumika, ilianza kuzimika yenyewe. Fundi wa kwanza alibadilisha diski. Fundi wa pili alibadilisha RAM. Fedha za wanachama zilitumika mara mbili, na kompyuta ikaendelea kuzimika. Siku moja ilizimika kabla marejesho ya mwanachama mmoja hayajahifadhiwa, na katika mkutano uliofuata jina lake likasomwa miongoni mwa wadaiwa. Naye alikuwa amelipa. Tutamrejea karani huyu baadaye.

Hatua ya kwanza: Okoa kazi yako

Kabla ya jaribio lolote, nakili mafaili yako kwenye diski ya nje au flashi, kisha uitunze mbali na kompyuta. Hesabu za fedha za watu ziandikwe pia kwenye daftari la karatasi hadi ubovu utakapopatikana.

Itazame kompyuta kwa nje. Ikiwa kifuniko cha chini kimebinuka, au sehemu ya kuongozea kishale imeinuka, yawezekana betri imevimba. Acha kuitumia, usiichaji, usiibonyeze wala kuitoboa. Betri ya lithiamu iliyovimba inaweza kushika moto. Mpelekee fundi na umwambie mapema kuwa betri imevimba.

Hatua ya pili: Andika kila tukio

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kila kompyuta inapozimika, andika mambo matano: siku na saa, kama chaja ilikuwa imechomekwa, kazi iliyokuwa ikifanyika, hali ya joto na sauti ya feni, na namna ilivyozimika. Andika vilevile siku ambazo kompyuta ilifanya kazi nzito bila kuzimika, kwa kuwa siku hizo huondoa tuhuma zisizo na msingi.

Daftari la karani wetu lilisomeka hivi:

- Jumatatu, saa 4:10 asubuhi. Chaja imechomekwa. Naandika marejesho. Giza ghafla, mara baada ya meza kusogezwa.
- Jumatano, saa 9:30 alasiri. Chaja imechomekwa. Giza ghafla, umeme wa mtaa ulipokatika.
- Alhamisi, saa 5:00 asubuhi. Chaja imechomekwa. Giza ghafla, mtu alipopita na kuugusa waya.
- Ijumaa, saa 10:00 jioni. Chaja imechomekwa. Mkutano wa video wa saa nzima, feni inavuma, kompyuta ina joto. Haikuzimika.
- Jumatatu, saa 3:40 asubuhi. Chaja imechomekwa. Giza ghafla, nilipoigeuza kumwonyesha mwanachama hesabu yake.

Hatua ya tatu: Soma dalili

*Giza la ghafla bila onyo.* Mara nyingi chanzo ni umeme, yaani chaja, tundu la chaja au betri, ama ni joto.

*Joto.* Feni huvuma, sehemu ya chini huwa ya moto, na kompyuta huzimika wakati wa kazi nzito. Ukiiwasha papo hapo huzimika tena mapema zaidi, kwa kuwa haijapoa. Prosesa hujizima ili isiungue. Vumbi la kiangazi linaloziba matundu ya hewa, au tabia ya kuitumia kompyuta juu ya kitanda, huzidisha tatizo hili.

*Skrini ya bluu, au nyeusi katika matoleo mapya ya Windows, yenye maandishi.* Ipige picha kwa simu kabla haijatoweka. Maneno MEMORY_MANAGEMENT huelekeza kwenye RAM, ingawa programu yenye kasoro yaweza kuyaleta pia. Maneno WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR kwa kawaida huelekeza kwenye maunzi, yaani vifaa vyenyewe.

*Kuganda.* Kompyuta inayoganda mara kwa mara, mafaili yakifunguka kwa taabu au diski ikitoa sauti ya kukwaruza, yawezekana diski yake inakufa. Nakili mafaili siku hiyo hiyo.

*Kuzimika ndani ya programu moja tu.* Anza kwa kuishuku programu hiyo kabla ya kushuku maunzi.

Tahadhari moja inahitajika hapa. Windows hutunza orodha ya matukio, na baada ya kuzimika ghafla huandika humo tukio namba 41. Tukio hilo huthibitisha tu kwamba kompyuta haikufungwa kwa utaratibu, halitaji sababu. Ukionyeshwa namba hiyo kuwa ndiyo uthibitisho kwamba ubao mkuu umekufa, omba uthibitisho mwingine.

Hatua ya nne: Jaribu jambo moja kwa wakati mmoja

Ukibadilisha chaja, ukasafisha feni na kuondoa programu siku ile ile, kompyuta ikipona hutajua kilichoiponya, na ikizimika tena utaanza upya. Fanya jaribio moja, kisha subiri.

1. *Betri.* Hifadhi kazi yako, chaji hadi 100, kisha chomoa chaja. Kompyuta ikizimika papo hapo, betri haifanyi kazi hata kama skrini ilionyesha imejaa. Katika Windows, fungua dirisha la amri na uandike powercfg /batteryreport. Ripoti itakayotokea huonyesha uwezo wa betri ilipokuwa mpya na uwezo wake wa sasa.

2. *Chaja.* Azima chaja nyingine yenye volti zile zile, ampea zisizopungua za chaja yako, na pini inayoingia sawasawa. Jaribu pia soketi nyingine ya ukutani. Ikiwa kompyuta huzimika waya unapoguswa, shuku waya au tundu la chaja.

3. *Joto.* Iweke juu ya meza ngumu, matundu yakiwa wazi. Ikitulia, mwombe fundi asafishe feni kabla ya kukubali kununua kifaa chochote.

4. *RAM.* Andika mdsched kwenye sehemu ya kutafutia ya Windows na uruhusu kompyuta ijipime. Kosa likionekana, kuna sababu nzuri ya kushuku RAM. Kipimo kimoja kisichoona kosa hakitoshi kuisafisha, kirudie.

5. *Kulinganisha.* Andika perfmon /rel. Utaona kalenda ya hitilafu zilizotokea. Ilinganishe na daftari lako.

Usubiri kwa muda gani? Hapa ndipo walaji wengi, na mafundi pia, hukosea. Kompyuta iliyokuwa ikizimika mara mbili kwa juma ikitulia kwa siku mbili haijathibitika kupona, kwa maana hata zamani iliweza kutulia siku hizo. Chukua muda wa kawaida kati ya tukio moja na jingine, kisha subiri angalau mara tatu yake. Ikiwa ilizimika kila baada ya siku nne, subiri siku kumi na mbili. Kwa sababu hiyo hiyo, jaribio la saa moja mezani kwa fundi halithibitishi kwamba kompyuta imepona.

Karani alipata nini?

Ijumaa ilimwonyesha kuwa joto halikuwa chanzo. Kutokuwapo kwa skrini yenye maandishi kulipunguza tuhuma juu ya RAM. Matukio yote manne yalitokea umeme wa chaja ulipokatika au ulipoweza kukatika kwa nukta moja: meza iliposogezwa, waya ulipoguswa, kompyuta ilipogeuzwa, umeme wa mtaa ulipokwenda. Alipochomoa chaja, kompyuta ilizimika papo hapo. Alipoazima chaja nyingine, ilizimika vilevile pini ilipotikiswa.

Hivyo ubovu ulikuwa wa sehemu mbili: tundu la chaja lilikuwa limelegea, na betri haikuwa na nguvu ya kushika kompyuta katika nukta hiyo moja. Diski na RAM zilizoondolewa hazikuwa na kosa lililothibitishwa. Fundi wa tatu alilisoma daftari, akafungua mahali pamoja tu. Katika mkutano uliofuata jina la mwanachama lilifutwa kwenye orodha ya wadaiwa.

Unapokwenda kwa fundi au kwa muuzaji

- Mpe nakala ya daftari, wala usimtajie kifaa cha kubadilisha. Muulize ni jaribio gani litakalothibitisha ubovu.
- Patana bei ya uchunguzi na bei ya matengenezo, kila moja peke yake.
- Dai kurudishiwa kifaa cha zamani, na risiti yenye jina la kifaa kipya.
- Omba dhamana ya maandishi inayozidi ule muda wa kusubiri uliouhesabu.
- Usiache nenosiri la akaunti yenye taarifa zako. Mfungulie fundi akaunti nyingine.

Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa au huduma. Aidha, kwa mujibu wa sheria ya uuzaji wa bidhaa, Sura ya 214, ukimweleza mfanyabiashara wa bidhaa hizo kazi unayokusudia kuifanya, ukautegemea ujuzi wake, bidhaa inapaswa kuifaa kazi hiyo. Kwa hiyo taja kazi yako unaponunua, na itunze risiti. Risiti huonyesha siku uliyonunua. Daftari huonyesha siku ubovu ulipoanza. Dai lenye vyote viwili ni vigumu kulikataa.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini ni muhimu kuandika siku ambayo kompyuta haikuzimika?
2. Tukio namba 41 huthibitisha nini, na halithibitishi nini?
3. Kompyuta huzimika mara moja kwa juma. Baada ya kubadilisha chaja, utasubiri siku ngapi kabla ya kusema imepona?
4. Taja mambo mawili utakayodai kwa fundi kabla ya kulipa.